Sahani ya Mfalme Midas: Maelezo Juu ya Istilahi za Vyombo vya Udongo Vilivyochorwa Visasili

Walimu wawili wa Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya, walituletea tafsiri ya somo fupi ambalo walikuwa wamelisoma darasani na kushindwa kulimaliza. Somo lenyewe lilihusu sahani na mabakuli ya udongo yaliyochorwa nchini Italia katika karne ya 16, ambamo wachoraji walionyesha masimulizi ya Wagiriki wa kale. Sentensi yake ya kwanza ilisomeka hivi: "Hizi ni sahani za kauri zilizopakwa risasi, bati na dhahabu, zenye hekaya za miungu ya uongo." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa lolote. Hata hivyo, karibu kila nomino iliyomo yampeleka msomaji mahali ambapo mwandishi wa asili hakukusudia afike. Tuliona yafaa kuyaeleza mambo haya kwa kirefu kuliko kuwarudishia walimu wale karatasi iliyojaa wino mwekundu.

Maswali yaliyowakwamisha waliulizwa na wanafunzi wao. Mtoto mmoja alitaka kujua kwa nini mtu apake sahani risasi za bunduki. Mwingine aliuliza kama bati hilo lilikuwa jipya au la kuezuliwa. Wa tatu, ambaye jamaa zake huosha mchanga kutafuta dhahabu, aliuliza ni gramu ngapi za dhahabu zilizotumika katika sahani moja, na ni nani aliyekubali kuzipoteza juu ya udongo. Makongolosi ni mji wa dhahabu. Tangu miaka ya 1920 na 1930, machimbo ya Lupa yalipoanza kuvuta watu kutoka pande nyingi, dhahabu imekuwa kazi na riziki ya sehemu zile, na mtoto wa huko huijua kwa macho, kwa uzito na kwa bei. Mwanafunzi wa mahali pengine pengine angelipita neno hilo bila kusita. Huyu hakulipita, na alikuwa na haki ya kujibiwa.

Kwanza tueleze vyombo vyenyewe, kwa kuwa si vyema kukipa jina kitu ambacho hatujakitazama. Katika miji kama Urbino, Faenza, Gubbio, Deruta na Castel Durante, ambao siku hizi waitwa Urbania, wafinyanzi wa karne ya 15 na ya 16 walifanya kazi kwa utaratibu ufuatao. Chombo kilifinyangwa kwa udongo wa kawaida na kuchomwa mara ya kwanza. Kisha kilichovywa katika uji mweupe, nao ulipokauka ukaacha juu yake unga laini. Juu ya unga huo mchoraji alipaka rangi zake: buluu ya kobalti, kijani cha shaba, manjano ya antimoni, zambarau ya manganizi. Unga huo hunyonya rangi papo hapo, hivyo mstari ukishachorwa haufutiki, na mkono uliotetemeka huonekana milele. Moto wa pili uliuyeyusha unga ukawa ngozi nyeupe ya kioo, na picha ikabaki imeshikwa humo. Ndiyo maana rangi za sahani hizo zingali mbichi baada ya miaka mia tano, ilhali michoro mingi ya kuta ya zama hizo hizo imechakaa.

Mwaka 1524 Eleonora Gonzaga, mke wa mtawala wa Urbino, alimwandikia mama yake, Isabella d'Este wa Mantua, kwamba anampelekea seti ya vyombo vya udongo. Wataalamu wengi huamini kuwa hivyo ndivyo vile vilivyochorwa na Nicola da Urbino, ambavyo zaidi ya ishirini vyasalia hadi leo katika makumbusho mbalimbali. Vyombo hivyo vina ngao ya ukoo wa Isabella pamoja na picha ya kisa, na visa vingi vimetokana na kitabu cha Ovid, mshairi wa Kirumi, kiitwacho Metamorphoses, ambacho kilichapwa kwa Kiitaliano mjini Venice mwaka 1497 pamoja na picha zilizochongwa katika mbao. Sahani mojawapo, ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York, yaonyesha kisa cha Mfalme Midas. Tumeichagua hiyo iwe mfano wetu, na sababu yake itaonekana mbele.

Mchoraji mwingine, Francesco Xanto Avelli, aliyefanya kazi Urbino katika miaka ya 1530, alikuwa na desturi ambayo kila mtafsiri atamshukuru kwayo: aliandika mgongoni mwa sahani mwaka, jina lake, na maneno machache ya kueleza kisa. Maelezo hayo yalikuwa ya lazima. Xanto alizoea kuchukua umbo la mtu katika picha iliyochapwa ya bwana mwingine na kulipachika mahali papya kwa jina jipya, na mtu aliyekuwa akipigana katika picha ya kwanza aweza kuwa anakimbia moto katika ya pili. Anayetafsiri maelezo ya sahani kama hizi aanze kwa kuuliza nini kimeandikwa nyuma.

Sasa turudi katika sentensi yetu, tuanze na neno "kauri". Kamusi zetu hulipa neno hili maana mbili: ganda dogo la baharini, ambalo pia huitwa simbi na ambalo zamani lilitumika kama fedha, na vyombo vyeupe vigumu vya asili ya Uchina. Yapendeza kujua kwamba Waitaliano walipita njia hiyo hiyo. Neno lao "porcellana" lilikuwa jina la ganda hilo kabla halijawa jina la chombo, na katika kitabu cha safari za Marco Polo latumika kwa vyote viwili. Watu wawili walioishi mbali sana, mmoja wa pwani yetu na mmoja wa Venice, walitazama weupe ule laini wakakumbushwa kitu kimoja. Lakini sahani ya Midas si kauri. Kauri hufanywa kwa udongo mweupe wa namna ya pekee, uchomwao kwa joto kali hata mwili wote wa chombo ukashikamana kama kioo. Ulaya hawakuweza kuitengeneza kauri halisi hadi mwanzoni mwa karne ya 18, huko Meissen, Ujerumani. Anayetaka kuhakikisha na alivunje bakuli, au, afadhali, atafute lililokwisha kuvunjika: kauri ni nyeupe hadi ndani, na sahani ya Urbino ni nyeupe juu tu, ndani ni udongo wa rangi ya tofali. Weupe wake ni kanzu. Mtafsiri akiiita kauri anafuta jambo lile lile ambalo wafinyanzi wale walijitahidi kulifanya, yaani kuiga weupe wa Uchina bila ya kuwa na udongo wake.

Waitaliano wenyewe waliviita vyombo hivi "maiolica", nasi tunapendekeza "mayolika". Jina hilo lina historia ifaayo kuelezwa darasani, kwa sababu sehemu yake moja imo katika ardhi ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Iraki, hasa wa Basra, wakiwa wamevutiwa na vyombo vya Uchina, waligundua kwamba oksidi ya bati ikichanganywa katika mpako wa kioo huufanya uwe mweupe usiopenyeka kwa macho. Vigae vya vyombo vyao vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, miongoni mwa mabaki ya miji ya mwanzo ya Waswahili. Ujuzi huo huo ulisafiri pia upande wa magharibi hadi Hispania ya Waislamu, ukastawi Malaga na baadaye Manises, karibu na Valencia. Vyombo vya huko vilifika Italia kwa merikebu zilizopitia kisiwa cha Majorca, nao wanunuzi wakaviita kwa jina la kisiwa. Wako pia wasemao kuwa jina latokana na Malaga. Kigae cha Shanga na sahani ya Isabella, kwa hiyo, ni ndugu wa mbali waliotengana njia panda Basra.

Kukiita kitu kwa jina la nchi au bandari kilikopitia si jambo geni kwetu. Vyombo vya Uchina tumeviita sini, na ile nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani tuliiita merikani, wala hakuna aliyelalamika. Sini ilithaminiwa pwani hata ikapangwa katika zidaka za kuta na kupachikwa katika nguzo za makaburi, kama yaonekanavyo Kunduchi. Mayolika nayo, ingawa baadhi yake ilitumika mezani, mara nyingi iliwekwa mahali pa kutazamwa. Mwalimu aliyeko pwani ana mfano wa kuonyesha mara moja.

Neno la pili lililotushughulisha ni lile la mpako wenyewe. Walimu wale, katika nakala yao ya kwanza, walikuwa wameandika "mng'aro" wakaukata, nasi twaona walifanya vyema kuukata. Katika Nyanda za Juu za Kusini ufinyanzi haujafa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wangali wakifinyanga vyungu ambavyo huuzwa Matema na kusafirishwa hadi masoko ya mbali. Vyungu hivyo husuguliwa kabla ya kuchomwa hata vikang'aa, na huchomwa uwanjani bila ya tanuri. Mng'aro wa chungu cha Kikisi ni wa udongo wenyewe uliobanwa kwa kusuguliwa. Haukuongezwa kitu chochote. Ngozi ya sahani ya Urbino ni kitu kingine kilichomiminwa juu na kuyeyushwa. Tukiziita kazi hizi mbili kwa neno moja, mwanafunzi wa Kyela atadhani kwamba bibi yake na Nicola walifanya jambo moja, na hilo litawapunguzia heshima wote wawili. Tunapendekeza "mng'aro" libaki kwa vyombo vya kusugua, na kile cha kuyeyushwa kiitwe "mpako wa kioo".

Mpako huo ulitiwa risasi ili uyeyuke kwa urahisi, na bati ili uwe mweupe. Hapa ndipo risasi za bunduki zilipoingia darasani. Neno "risasi" ni jina la madini kwanza, na ni kwa sababu ya madini hayo ndipo likawa jina la kitu kitokacho katika bunduki. Neno "bati" limepatwa na mkasa mkubwa zaidi, kwani kwa raia wengi maana yake ya kwanza ni karatasi ya chuma ya kuezekea nyumba, ambayo kwa kawaida hupakwa zinki na si bati kabisa. Bati halisi ni lile lililochimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Wako waliotushauri tuyatupe maneno haya mawili na kuchukua majina ya kigeni yatumikayo katika vitabu vya kemia. Hatukubaliani nao. Maneno ni yetu na maana zake za asili ni sahihi. Kinachohitajika ni kuyaongezea neno la kuyaongoza, tuseme "madini ya risasi" na "madini ya bati", au "oksidi ya bati" pale ambapo wasomaji wamekwisha kufundishwa oksidi ni nini.

Tumefika kwenye dhahabu. Mwanafunzi aliyeuliza ni gramu ngapi alistahili jibu hili: hakuna hata chembe. Huko Gubbio karakana ya Giorgio Andreoli ilisifika kwa moto wa tatu. Juu ya sahani iliyokwisha kukamilika walipaka mchanganyiko wa udongo na misombo ya fedha au ya shaba, wakaichoma kwa moto mdogo wenye moshi mwingi. Moto wa namna hiyo hukosa hewa, nao huinyang'anya misombo ile oksijeni yake, hata madini yakabaki kama utando mwembamba mno katika uso wa kioo. Udongo ukishasuguliwa na kuondoka, hutokea mng'ao wa manjano ufananao sana na dhahabu, au wekundu kama wa yakuti. Sahani zilizochorwa Urbino nazo zilipelekwa Gubbio kuongezewa jambo hili. Haikuwa kazi ya uhakika. Cipriano Piccolpasso, aliyeandika kitabu juu ya sanaa ya ufinyanzi yapata mwaka 1557, akiri kwamba mara nyingi katika vyombo mia vilivyotiwa katika moto huo, vilivyotoka vizuri havikuzidi sita. Mtu aliyepata kulipia karasha kusaga mawe yake, kisha akaambulia vumbi, ataielewa hesabu hiyo bila ya kufafanuliwa.

Kuandika "zilizopakwa dhahabu" ni kosa la ukweli, na kosa la ukweli ni zito kuliko kosa la mtindo. Mafundi wale walisifiwa kwa sababu waliupata mwonekano wa dhahabu bila ya dhahabu. Tafsiri ile iliwanyima sifa hiyo kwa neno moja, ikawageuza kuwa matajiri wa kupaka tu. Sisi tunapendekeza neno "mmeto", kutokana na kitenzi "meta", na tuseme "sahani za mmeto".

Lililo gumu kuliko yote ni "hekaya za miungu ya uongo". Tulianze kwa kumsimulia Midas. Mfalme huyu alimtendea wema rafiki wa Bacchus, mungu wa mvinyo, akaambiwa achague zawadi. Akaomba kila atakachogusa kiwe dhahabu. Mkate ukawa dhahabu mkononi, mvinyo ukawa dhahabu kinywani, na kabla ya njaa kumwua akalia aondolewe baraka hiyo. Akaamriwa akaoge katika chimbuko la mto Pactolus, na tangu siku hiyo, kwa mujibu wa masimulizi, mchanga wa mto huo una dhahabu. Mto wenyewe upo kweli, magharibi ya Uturuki, karibu na magofu ya Sardis. Dhahabu ilioshwa humo kweli, na wanaakiolojia wamefukua huko mahali palipokuwa pakisafishiwa dhahabu katika karne ya 6 K.K. Mtoto wa Makongolosi ambaye amewaona wazazi wake wakiosha mchanga kwa karai hahitaji kuelezwa zaidi. Hiki ni kisa kisemacho dhahabu ya mtoni ilitoka wapi.

Na kisa kielezacho asili ya jambo kina jina katika Kiswahili: kisasili. Sura ya neno yenyewe yaonyesha, kisa na asili. Hekaya ni kitu kingine. Tunazo hekaya za Abunuwasi, ambazo msimulizi na msikilizaji wote wajua kwamba wamekaa kufurahi. Wagiriki waliosimulia juu ya Pactolus hawakukaa kufurahi tu. Walikuwa wakijibu swali. Twakiri kwamba mpaka si ukuta. Kisa cha pili cha Midas, ambamo aliona zumari ya Pan ni bora kuliko kinubi cha Apollo akaoteshwa masikio ya punda, kisha kinyozi wake akainong'oneza siri hiyo katika shimo na matete yakaota hapo yakaitangaza, kina utani mwingi wa hekaya. Hata hivyo, kwa kuwa visa hivi hukaa pamoja na vyahusu miungu ile ile, yafaa vyote viitwe visasili. Masimulizi ya Vita vya Troya, yenye mashujaa na miji, twaona yabaki katika fungu la visakale.

Kuhusu "uongo", mmoja wa walimu alitueleza kwamba aliliweka neno hilo kwa makusudi, asije mzazi akadhani shule inafundisha ibada ya sanamu. Hofu hiyo hatuidharau. Mwalimu huishi na wazazi, na mtafsiri huishi na kamusi. Lakini neno hilo halimo katika matini ya asili, na mtafsiri hana ruhusa ya kuhukumu mahali ambapo mwandishi hakuhukumu. Isabella alikuwa Mkristo, na mwanawe Ercole alifanywa kadinali mwaka 1527. Sahani za Apollo na Bacchus zilikaa katika nyumba hiyo na hakuna aliyedhani kwamba zinamtoa katika dini yake. Tena tujiulize tungehisije kama mgeni angeandika juu ya Lwembe, ambaye Wanyakyusa wa kale walimtolea matambiko huko Lubaga, kwa kuanza na neno "uongo". Ulinzi autafutao mwalimu hupatikana kwa njia nyingine: taja watu na zama, yaani "miungu ya Wagiriki wa kale", na uandike "miungu" kwa herufi ndogo. Msomaji atajua ni imani ya nani na ya lini.

Liko pia neno la Kiitaliano "istoriato", ambalo hutumiwa kwa sahani zilizojaa picha ya masimulizi kutoka ukingo hadi ukingo. Walimu walikuwa wameandika "sahani za visasili", na kwa Midas ingetosha. Haitatosha kwa zote, kwani wachoraji hao hao walichora pia habari za Biblia, historia ya Roma, na hata matukio ya Orlando Furioso, utenzi wa Ariosto uliochapwa kwanza mwaka 1516, ambao Xanto aliupenda. Tumechagua "sahani ya kisa". Ni neno fupi, lajulikana na kila mtu, na halisemi zaidi ya lionekanalo.

Majina ya watu hayakutusumbua sana. Yaandikwe kama yalivyo katika matini inayotafsiriwa. Sahani ikisema Bacchus, mtafsiri asiandike Dionysus kwa kujionyesha kwamba ajua kuwa ni yule yule.

Baada ya hayo yote sentensi ya walimu sasa yasomeka hivi: "Hizi ni mayolika, yaani sahani za udongo zenye mpako wa kioo uliotiwa madini ya risasi na ya bati, baadhi yake zimeongezewa mmeto wa fedha na shaba, na nyingi ni sahani za kisa, zenye visasili vya miungu ya Wagiriki wa kale." Imekuwa ndefu zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Tulijaribu kuifupisha, na kila neno tuliloliondoa lilirudisha swali moja la darasani.

Lipo jambo moja ambalo hatukulimaliza. Nyuma ya Pan, katika sahani nyingi za namna hii, huonekana viumbe wenye kiwiliwili cha mtu na miguu ya mbuzi, wakaao porini wakinywa na kupiga muziki. Mwalimu mmoja aliwaita mashetani, mwenzake akawaita majini; la kwanza lina laana ambayo viumbe hao hawana, na la pili lina mahali pake katika imani ya watu walio hai. Sisi tulifikiria "satiri", kwa kufuata sauti ya jina lao la asili, lakini hatujui kama litashika katika masikio ya watoto. Wasomaji wa Mbeya, Iringa na kwingineko ambao lugha zao zina jina la kiumbe wa msituni asiye mwema wala mwovu wanaombwa watuandikie. Katika karatasi ya walimu nafasi hiyo ingali imezungushiwa duara la penseli.